Mfarishi wa nyuso mbili: makosa yanayojirudia na namna ya kuyatibu

Hapa Kisumu wengi wakiuona mfarishi husema "duveti ya viraka". Sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni na neno "nyuma". Mfarishi wa kawaida una mgongo: upande unaolalia shuka, unaoficha mafundo, nyuzi zilizokatika na mishono iliyopotea njia. Mfarishi wa nyuso mbili hauna mgongo. Leo kitenge kiko juu, kesho umeugeuza na leso ndiyo inayoonekana na mgeni. Ndiyo sababu karibu kila tatizo ninaloletewa hujionyesha kwenye uso wa pili, ilhali lilizaliwa kabla ya mshono wa kwanza wa mchoro, wakati wa kufua, kupima na kupiga bandi (kushikiza tabaka kwa mishono mirefu ya muda).

Njia ninayoizungumzia ni hii. Kila kipande kinashonwa peke yake: kitenge juu, faiba nyembamba katikati, leso chini. Nyuso hukatwa sentimita 32 kwa 32, faiba 30 kwa 30, ili ibaki sentimita 1 ya kuungia kila upande. Unashona michoro yako kwa mkono ukipenya tabaka zote tatu, lakini unasimama sentimita 3 kabla ya ukingo. Vipande vikitimia, vitenge viwili vinatazamana na kushonwa pamoja, faiba zinakutana bila kupandana, kisha leso ya upande mmoja inalazwa, ya upande wa pili inakunjwa juu yake na kushonwa kwa mishono ya kujificha. Kwa kitanda cha tano kwa sita, vipande 42 (sita kwa saba) vinatoa sentimita 180 kwa 210. Kitenge cha yadi sita chenye upana wa sentimita 115 hivi kinatosha na kubakiza kidogo. Kipande kimoja hunila jioni mbili. Piga hesabu mwenyewe kabla hujamwahidi mtu zawadi ya Krismasi.

Mshono wa kitenge uko hapa, wa leso uko kule

Hili ndilo linaloongoza. Uso wa kitenge umenyooka kama barabara, ukigeuza unakuta mistari ya leso inapanda na kushuka.

Kwanza pima ukubwa wa kosa. Choma pini wima katikati ya mshono wa kitenge na uangalie inapotokea. Ikitokea ndani ya milimita 2 za mkunjo wa leso, acha. Hakuna jicho litakaloiona ukiwa umetandika. Ikitokea mbali zaidi, tafuta chanzo kwa utaratibu huu:

1. Vipande havilingani. Rundika vyote kama karata, gonga ukingo mezani, kinachochungulia ndicho mkosaji. Mara nyingi mshonaji alitumia kipande kilichokatwa jana kuwa kigezo cha kukatia cha leo, na cha leo kuwa kigezo cha kesho. Kila mkato unaongeza unene wa chaki, na kufikia kipande cha ishirini umeongeza nusu sentimita. Kata kigezo kimoja cha katoni ngumu na utumie hicho tu mpaka mwisho. Kikianza kulika kona, kata kingine kutoka kwenye rula, si kutoka kwenye kile cha zamani.

2. Michoro imevuta kipande. Kadiri unavyoshona mistari ya karibu-karibu ndivyo kipande kinavyonywea, na kipande chenye maua mengi hakitalingana na jirani yake mwenye mistari minne. Kama michoro yako inatofautiana, kata nyuso sentimita 34, shona, kisha sawazisha zote kuwa 32.

3. Leso haikufuliwa. Leso ni pamba nyepesi na hunywea ikikutana na maji, kitenge nacho hunywea kwa kiwango chake. Fua vyote viwili, piga pasi, ndipo ukate. Hakuna njia ya mkato hapa.

4. Kitambaa kilikatwa hanamu. Vuta ukingo kwa vidole viwili. Ukipanuka kama lastiki, hukufuata mkondo wa nyuzi. Kipande kama hicho kitoe, kitafaa kwa foronya.

Kama umeshaunganisha, usifumue mshono wa kitenge. Fumua leso peke yake kwenye mstari huo, choma pini kutokea upande wa kitenge kila baada ya vidole vitatu, kisha kunja leso ukifuata ncha za pini zinapotokea badala ya kufuata jicho. Kosa likizidi sentimita 1, kitambaa hakitafika. Hapo shona utepe wa sentimita 3 juu ya mshono, na ukiweka mmoja weka kwenye mishono yote ya upande huo. Hakuna atakayejua kama hukupanga hivyo tangu mwanzo.

Simama uitishe fundi iwapo mfarishi mzima umepinda. Utandaze sakafuni, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kona mbili zilizobaki. Tofauti ya sentimita 2 inavumilika. Ikizidi 4, mpelekee fundi wa mapazia mwenye meza kubwa ya kukatia aunyooshe kabla hujaweka pindo, yaani utepe wa kufunga kingo. Kuupunguza juu ya mkeka kwa mkasi wa jikoni ni kuongeza kosa juu ya kosa, nami nimewahi kufanya hivyo.

Jina la leso limesimama kichwa chini

Leso ina pindo, mji (mchoro wa katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Jina ndilo linalowaponza watu. Dada mmoja wa Ahero aliniletea vipande tisa vya "Wema hauozi", vitatu vikisomeka vizuri na sita vikisomeka kwa mtu anayening'inia darini.

Chanzo: alipopanga tabaka, aligeuza kipande kutoka juu kwenda chini, kama unavyogeuza chapati. Mfarishi kitandani hugeuzwa kama ukurasa wa kitabu, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa hiyo kipande nacho kigeuze kama ukurasa. Chora mshale mdogo wa chaki ndani ya sehemu ya kuungia, kwenye kitenge na kwenye leso, yote miwili ikielekea juu.

Kama umeshashona michoro, angalia kitenge chako. Kikiwa na ua lisilo na juu wala chini, zungusha kipande kizima na tatizo limekwisha. Kikiwa na ndege au nanasi, chagua nani atasimama kwa kichwa. Mimi ningemchagua ndege, kwa kuwa jina hupigiwa kelele na kila anayepita.

Na kabla ya kukata, pima jina kwa kigezo. Likizidi sentimita 30 litakatika, na "Wema hau" haina maana yoyote.

Mishono ni mizuri kitengeni, upande wa leso inarukaruka

Inua kipande dirishani utazame uso wa leso. Ukiona mshono mmoja upo, miwili haipo, sindano haikufika chini. Sababu, kuanzia ile ninayoikuta kila mara:

Sindano ni ndefu mno. Zile za pakiti iliyochanganywa, ndefu kama kidole cha kati, hazifai kwa kazi hii kwa sababu zinalala badala ya kusimama. Tafuta fupi, namba 9 au 10 (namba ikipanda sindano inapungua). Ipenyeze wima, si kwa mshazari, ndipo uirudishe juu.

Kitenge bado kina wanga wa kiwandani. Ukisikia sindano inalia inapopenya, rudi kwenye beseni. Maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili hulainisha.

Kidole cha chini hakifanyi kazi. Mkono mmoja uko juu na kastabini kwenye kidole cha kati, mkono wa pili uko chini ya kipande ukisubiri ncha. Ncha ikigusa tu ngozi, ndipo unairudisha. Ukiogopa kuguswa, utarudisha mapema na leso itakosa mshono. Kipande cha plasta kwenye kidole cha chini kinatosha.

Faiba ni nene. Hapa nina maoni makali kidogo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa kule akitaka faiba nene namwelewa. Kisumu tuko karibu mita 1,130, kando ya ziwa, na Februari hata shuka moja ni mzigo. Faiba nene haikupi joto unalohitaji, inakupa tu mishono mibaya. Chukua nyembamba kabisa, au blanketi jepesi la flisi lililofuliwa.

Fremu ya kutandazia kipande imekazwa kama ngoma. Legeza mpaka ukibonyeza katikati kidole kizame kidogo. Sindano inahitaji nafasi ya kuyumba.

Usifukuzie mishono midogo. Sita kwa inchi, iliyo sawa kwa nyuso zote mbili, inapendeza kuliko kumi upande mmoja na minne upande wa pili. Mishono iliyokosekana haitengenezwi kwa kuongeza mwingine katikati. Fumua hadi pale palipo sawa.

Mahali pa kusimama: ganzi kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa ile inayokuamsha usiku, si uchovu wa kawaida. Weka kazi kando, na isipoondoka ndani ya siku chache nenda kituo cha afya. Kidole kilichochomwa kikivimba, kikawa cha moto na kupwita, nenda siku hiyo hiyo, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Sindano ikivunjikia ndani ya kidole, usichokonoe kwa sindano nyingine. Nenda hospitali.

Ikivunjikia ndani ya mfarishi, pitisha sumaku taratibu nyuso zote mbili. Spika ya redio iliyokufa inayo sumaku nzuri. Usipoipata ncha, fumua kipande hicho na kutupa faiba yake. Usimpe mtoto mfarishi ambao huna uhakika nao.

Rangi imehamia uso wa pili

Kitenge chekundu au cha bluu iliyokoza, leso nyeupe, maji ya kwanza, na machozi.

Kipimo ni rahisi na kinachukua nusu saa. Kabla ya kukata, tumbukiza ncha ya kitenge kwenye glasi ya maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kikibaki cheupe, endelea. Kikipata rangi, fua kitenge mara mbili tatu na urudie kipimo. Kama bado kinatoa baada ya hapo, kirudishe dukani au kishone gauni. Usikipe nafasi kwenye mfarishi.

Utaambiwa uloweke kwenye chumvi au siki "ili rangi ishike". Nimeambiwa hivyo na mama yangu, na shangazi, na muuza vitenge. Chumvi humsaidia mtia rangi anapotia rangi kwenye pamba. Kitambaa kikishatoka kiwandani, chumvi ya jikoni haifungi rangi iliyolegea. Siki nayo ina kazi kwenye rangi za sufu na hariri, si kwenye pamba ya kitenge. Kinachofanya kazi ni kuitoa ile rangi ya ziada na kuizuia isitue pengine.

Rangi ikishatoka kwenye mfarishi uliokamilika, fanya haraka na usiuache ukauke. Usipige pasi wala usianike. Jaza chombo kikubwa kabisa ulicho nacho, bafu au pipa safi, maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia na sabuni ya maji ya kutosha. Uzamishe mfarishi wote na ugandamize kwa sinia na chupa za maji ili usielee, kwa sababu sehemu inayochungulia nje ndiyo itakayobaki na doa. Uache usiku kucha. Asubuhi maji yakiwa na rangi, mwaga na urudie. Mara nne si ajabu. Maji yanapobaki meupe, suuza. Wingi wa maji ni muhimu kuliko wingi wa sabuni, kwa hiyo kama mifereji haina maji wiki hiyo, uache umelowa kwenye beseni kubwa hadi upate. Usikubali ukauke.

Dawa za klorini kama Jik zitang'oa doa pamoja na ua la kitenge. Na usiwahi kuichanganya na siki au dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ikikutokea, toka nje, acha milango wazi, na atakayekohoa au kupumua kwa shida apelekwe hospitali.

Kama umeshonea leso ya marehemu bibi, au shuka la enzi kiwanda cha Kicomi kikifuma nguo hapa Kisumu, usijaribu maji ya moto hata kidogo. Pamba iliyochakaa huweza kuraruka ikiwa imelowa. Funga kwenye shuka safi na utafute dobi anayeshughulika na vitambaa dhaifu, na umwulize kwanza atatumia nini.

Faiba inachomoza kama mvi

Nyuzi nyeupe zinatokeza kwenye kitenge cheusi. Usizivute, kila unayoivuta inaleta wenzake. Sukuma ndani kwa kuvuta uso wa pili, au zikate usawa wa kitambaa.

Chanzo kikubwa ni faiba ya bei rahisi, ile isiyogandishwa pande zote mbili, ambayo ukiisugua kiganjani inaacha manyoya. Cha pili ni sindano butu inayosukuma faiba badala ya kupenya. Badilisha sindano kila baada ya vipande sita hivi. Cha tatu ni leso iliyochakaa, yenye nafasi kati ya nyuzi. Kwa vitambaa vyeusi pande zote mbili, flisi nyeusi humaliza mjadala.

Baada ya kufua, faiba imekimbilia kona

Mistari yako iko mbali mno. Kiganja kilichokunjuliwa, bila dole gumba, kisipate mahali pa kutua bila kugusa mshono. Kwa pamba ya kuchambua, ile ya kujazia mito, punguza hadi vidole vitatu. Kama imeshakimbia, isukume kwa vidole irudi mahali pake ingali imelowa, acha ikauke ikiwa imelazwa, kisha ongeza mistari. Imejiviringisha kuwa madonge? Fungua kipande, weka mpya.

Kuna mkunjo umenaswa ndani ya mistari

Bandi. Daima ni bandi. Pini tano kwenye kipande cha sentimita 30 hazitoshi, maana faiba huteleza. Piga bandi kwa uzi wa rangi tofauti, mistari kila upana wa vidole vinne, ukianzia katikati kwenda nje, kisha geuza utazame leso kabla ya mshono wa kwanza. Shona michoro pia kutoka katikati. Mkunjo mmoja mdogo ukiwa ukingoni utafunikwa na kiungo. Ukiwa katikati, fumua.

Uzi unajifunga na kukatika

Uzi ni mrefu. Usizidi dhiraa moja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukiwa mfupi na bado unakatika, pitisha kwenye nta ya nyuki. Ukiendelea, uzi umezeeka: vuta kipande kwa mikono miwili, ukikatika kimya kimya bila kupinga, tupa roli zima. Roli za vumbi zinazouzwa kwa bei ya kutupa kando ya barabara zimekaa juani miezi.

Kuhusu fundo, hapa hakuna mahali pa kulificha isipokuwa ndani. Ingiza sindano umbali wa nusu kidole kutoka unapoanzia, vuta mpaka fundo dogo lipenye kitambaa kwa mlio mdogo na kubaki kwenye faiba. Likirudi kutoka, fundo ni dogo. Likikataa kuingia, ni kubwa.

Kingo zinapiga mawimbi

Katikati umetulia, pembeni umejaa mawimbi kama ziwa saa kumi jioni. Kwa kawaida pindo lilikatwa kwa kufuata ukingo badala ya kipimo. Pima mfarishi katikati yake, si ukingoni, kata pindo kwa urefu huo, kisha lazimisha ukingo uingie humo. Sababu ya pili ni michoro iliyobanana katikati na kulegea pembeni. Hiyo hutibiwa kwa kuongeza mistari kwenye vipande vya nje.

Pindo ndilo sehemu pekee ninayokubali ipitishwe kwenye cherehani, na hata hapo si cherehani yoyote. Nilipeleka mfarishi wangu wa kwanza kwa fundi wa Kibuye. Akaupapasa, akanitazama.

"Mama, hii si nguo. Hii ni godoro."

"Ni pindo tu, fundi."

Alivunja sindano mbili kwenye makutano ya vipande vinne, akanirudishia pesa. Alikuwa sahihi. Penye makutano kuna tabaka nyingi, na cherehani ya nguo haiziwezi. Mtafute fundi wa viti vya magari au makochi, au shona kwa mkono. Ukishona mwenyewe, lainisha makutano kwanza kwa kuyagonga taratibu na kinyundo juu ya ubao.

Harufu ya unyevunyevu na vidoa vyeusi

Ni ukungu. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ya alasiri hukatiza kila uanikaji, na mfarishi uliokunjwa ukiwa na unyevu katikati hauhitaji siku nyingi. Usiutundike ukiwa umelowa kwenye kamba moja, uzito wa maji hukata mishono. Ulaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, au kwenye nyasi juu ya shuka, na uugeuze kila saa. Ukidhani umekauka, bonyeza kiganja kwenye makutano ya vipande kwa muda. Kikihisi ubaridi, rudisha nje. Usiukaushie juu ya jiko la makaa au karibu na taa ya mafuta: faiba ya poliesta huyeyuka, hushika moto na kung'ang'ania ngozi.

Vidoa vichache hupigwa brashi kavu nje ya nyumba, ukiziba pua kwa kitambaa, kisha mfarishi ukafuliwa na kuanikwa juani. Vikiwa vimeingia hadi kwenye faiba, na harufu ikarudi baada ya kufua mara mbili, toa faiba ya vipande vilivyoathirika. Fumua michoro ya kipande hicho na kiungo cha upande wa leso peke yake, mstari mmoja, kisha uvute faiba kupitia hapo. Ndani ya nyumba kukiwa na mwenye pumu, asilale nao mpaka kazi hiyo imalizike.